Kwa nini mwenye pesa za mtaro awaambie wakaazi wachimbe kwanza?

Mpango wenyewe ni mwepesi kuueleza. Kuna mfuko, wa serikali au wa wafadhili, uliotenga fedha kwa miradi midogo ya mitaa: mtaro, kisima, taa za njiani, kiwanja cha watoto. Wakaazi ndio wanaochagua mradi na ndio wanaousimamia. Lakini fedha hazitoki mpaka na wao waweke chao, mara nyingi chenye thamani sawa na kile wanachoomba. Wataalamu wana jina lao refu. Mimi nitaiita ruzuku ya weka-niweke, maana ndivyo inavyozungumza.

Swali ni kwa nini. Mwenye pesa anazo, mtaro unahitajika, maji yanaingia ndani ya nyumba za watu. Kuna haja gani ya kumdai aliyefurikiwa?

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu langu, na nililitoa hadharani. Tulikuwa kwenye kikao cha shehia, Wete, kisiwani Pemba, masika yamekolea. Nikasimama nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma kidogo, kwamba mambo ni mawili. La kwanza, mfuko huu hauna pesa za kutosha, kwa hiyo unatafuta wa kuubebea nusu ya mzigo. La pili, mtaa kama wetu umeshaachwa nje, kwa sababu nusu hiyo hatuna. Watu wakaguna kwa kukubali. Hakuna kitu kibaya kwa mtu aliyekosea kama watu kumgunia hivyo.

Maalim mmoja mstaafu, aliyekuwa akishika daftari la kamati, hakubishana nami. Alinisogezea kalamu. "Hebu piga hesabu, mwanangu. Mtaro milioni sita, wao watatoa tatu. Sisi tatu zetu zitoke wapi?"

Tukaanza kuandika. Watu 40 wachimbe siku tano, kila siku ya mtu ihesabiwe shilingi 10,000: hizo ni milioni mbili. Fundi wa mtaani ajitolee siku kumi kwa 30,000: laki tatu. Mwenye gari la ng'ombe alete mchanga na kokoto za laki nne. Imebaki laki tatu, na hiyo ndiyo pekee inayotakiwa iwe taslimu. Laki tatu kwa nyumba 60 ni shilingi 5,000 kila nyumba.

Jambo langu la pili likafa hapo hapo. Katika mradi wa milioni sita, pesa za mkononi kutoka kwa wakaazi zilikuwa asilimia tano. Kilichobaki ni migongo, ujuzi na ng'ombe.

La kwanza lilikuwa gumu zaidi kuliacha, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mfuko umeokoa milioni tatu, hilo halipingiki. Lakini na gharama nyengine imeingia: ofisa wa kuja kuhakiki daftari, vikao, na kazi kuchukua wiki nyingi kwa kuwa inafanywa Jumapili tu, ilhali mkandarasi mwenye mashine angeimaliza mapema. Tena Maalim aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. Mitaa ishirini imeomba. Pesa zinatosha mitaa sita. Uhaba unaeleza kwa nini si kila mtu atapata. Hauelezi nani apate.

Na hapa ndipo penye utamu wa jambo hili.

Mtaa wowote ukiulizwa "mnataka mtaro?" utajibu ndiyo. Kusema hakugharimu kitu. Ofisa aliyekaa mjini hana njia ya kutofautisha ndiyo ya mtaa unaolala macho mvua ikinyesha na ndiyo ya mtaa ambao mwenyekiti wake amesikia tu kwamba kuna fedha.

Mwenye shughuli anaijua shida hii vizuri. Wiki moja kabla ya harusi, wanawake arubaini watamwambia "nipo, nitakuja kusaidia kupika". Hawahesabu hao. Anahesabu asubuhi ya siku yenyewe, na anaowahesabu ni wale waliotokea na mbuzi kwapani (mbuzi ya kukunia nazi, si yule anayekula majani). Thamani ya ile mbuzi si kitu, na shughuli haitapungukiwa kwa nazi tatu za mtu mmoja asiyekuja. Ila hakuna mtu anayeitoa mbuzi jikoni kwake, akavuka nayo mtaa mzima ndani ya buibui, kama hana nia ya kukaa chini akakuna. Ile mbuzi imesema kitu ambacho mdomo wake usingeweza kukisema ukaaminika.

Sasa mfikirie mwenye shughuli akibadilisha sharti. Akisema "kila anayekuja na alete gunia la mchele", watafika wenye duka peke yao, na nia ya wengine haitajulikana. Akisema "kila mtu na jani moja la mchaichai", watafika wote, pamoja na waliokuja kufuata pilau. Sharti linalofaa liko katikati: zito kiasi cha kumsumbua asiyetaka, jepesi kiasi cha kubebeka na anayetaka lakini hana. Ndiyo maana jembe huhesabiwa sawa na noti. Jembe analo hata asiye na noti, na halibebwi kwa mzaha.

Kwa hiyo mchango wa wakaazi ni nusu ya bajeti, ndiyo, lakini kabla ya hapo ni jibu la swali ambalo ofisa hawezi kuliuliza akajibiwa kwa ukweli.

Hila hii si ngeni. Mwaka 1751 Benjamin Franklin, mchapaji na mwanasiasa, alikuwa akihangaikia hospitali ya maskini mjini Philadelphia, Marekani, wazo la rafiki yake daktari Thomas Bond. Wajumbe wa Baraza la jimbo, hasa wa mashamba, walisema hiyo ni faida ya watu wa mjini, na hao wenyewe hawaitaki kihivyo. Franklin akapeleka mswada wenye sharti: wananchi wakikusanya pauni 2,000, Baraza litatoa 2,000 nyengine. Wapinzani wakaupitisha, kwa kuwa waliamini pesa hizo hazitapatikana kamwe. Waliona watapata sifa ya ukarimu bure. Kisha Franklin akawageukia wananchi na kuwaambia kwamba kila wanachotoa kitazaa cha pili. Michango ikavuka kiwango, hospitali ikajengwa. Baadaye aliandika kwamba hakumbuki mbinu yake ya kisiasa iliyomfurahisha kuliko hiyo, na kwamba akiifikiria anajisamehe kirahisi kwa kutumia ujanja. Waliodai kwamba watu hawaitaki hospitali walijibiwa kwa fedha ya watu hao hao.

Msomaji atasema: basi siri ni kule kuzaa. Shilingi yangu inakuwa mbili, nani asipende? Nami nilihamia kwenye jibu hili baada ya lile la kwanza kuanguka. Linasitasita. Mwaka 2007 wanauchumi Dean Karlan na John List walichapisha matokeo ya jaribio la barua zaidi ya 50,000 zilizotumwa kwa watu waliowahi kuichangia taasisi moja ya Marekani. Wengine waliombwa tu. Wengine waliahidiwa kwamba mchango wao utaongezewa: dola kwa dola, au mbili kwa moja, au tatu kwa moja. Ahadi ya kuongezewa iliinua mapato kwa kila barua kwa asilimia 19. Lakini aliyeahidiwa tatu kwa moja hakutoa zaidi ya aliyeahidiwa dola kwa dola. Ingekuwa ni bei tu, punguzo kubwa lingevuta watu wengi zaidi, kama linavyovuta soko la Darajani, Unguja, siku za kuamkia Idi. Inaonekana kinachowasukuma watu ni kule kujua kwamba kuna mwengine makini aliyeweka chake upande wa pili. Nasema inaonekana. Hao ni watu wa kutuma pesa kwa posta, walioichangia taasisi hiyo zamani. Kutoka hapo mpaka kwenye jembe la Wete ni safari ndefu.

Mfano wa mitaa hasa uko Seattle, Marekani, ambako halmashauri ilianzisha mfuko wa aina hii mwaka 1988. Saa za kujitolea zinahesabiwa kwa kiwango maalumu, na vifaa na ujuzi vile vile. Wakaazi wa mtaa wa Fremont walikuwa na uchochoro mchafu chini ya daraja kubwa. Mtu wa ofisini angewawekea taa na uzio. Wao wakaomba wajenge zimwi. Likajengwa mwaka 1990, la zege, refu kiasi cha mita tano na nusu, limeshika gari halisi aina ya Volkswagen mkononi, na mpaka leo watalii wanapanda kupiga picha begani kwake. Sisi tunawatisha watoto na zimwi, wale wamelichangia. Sidhani kuna mpangaji mipango angeliweka zimwi kwenye orodha ya vipaumbele, na kwangu hiyo ni hoja ya upande wa wakaazi.

Kwetu jambo hili lina jina la nguvu za wananchi. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, iliyoanza mwaka 2000 na kufanya kazi Unguja na Pemba pia, ilitaka jamii ichangie miradi yake tangu awamu ya mwanzo. Kabla na baada yake ipo desturi ya skuli: wananchi wanaanza banda la madarasa, wanapandisha kuta, kisha Serikali inamalizia. Inafanana na weka-niweke, ila kuna tofauti moja inayouma. Kwenye ruzuku, upande wa pili umetia saini kabla jembe halijagusa ardhi. Kwenye banda la skuli mara nyingi wananchi wameweka wakiwa na matumaini tu, na kuta zinaweza kusubiri bati masika kadhaa.

Je, mtaa uliochangia huutunza mtaro wake kuliko uliopewa bure? Hilo husemwa sana, na kwa mantiki linakubalika, lakini ushahidi wake ni mwembamba kuliko wanavyolisema kwenye mikutano. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyejenga maktaba nyingi kwenye miji ya watu, hakutegemea mapenzi. Kwa kawaida alidai mji utoe kiwanja na uahidi kutenga kila mwaka sehemu ya kumi ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuiendesha maktaba.

Na kuna lawama ya haki. Mapitio ya Ghazala Mansuri na Vijayendra Rao wa Benki ya Dunia, ya mwaka 2013, yalikuta kwamba wanaoshiriki kwenye shughuli za namna hii huelekea kuwa wenye uwezo, waliosoma, wanaume, na wenye kujuana na wanasiasa. Mbuzi kwapani inaonyesha nia, lakini vile vile inaonyesha nani ana nafasi asubuhi. Mwenye kulea wagonjwa wawili anautaka mtaro kuliko wote na jembe hana wa kumshikia.

Kwetu ugomvi ulikuja kwenye chai. Siku za kuchimba, wanawake wanne walichemsha chai na mihogo kwa watu 40, kuanzia alfajiri. Kiwango cha kuchimba kilikuwa kimeandikwa. Cha kupika hakikuwepo. Mchimbaji mmoja akasema chai si mtaro. Maalim, ambaye kwa muda wote huo alikuwa akiogopa wachimbaji hewa kwenye daftari lake, akamuuliza ni siku gani aliyochimba bila ya kuinywa. Ikaandikwa 10,000 kwa kila mmoja kwa siku, sawa na jembe. Ofisa alipokuja kuhakiki alisimama kwenye ukurasa ule kwa muda, akauliza mihogo ilitoka shamba la nani, kisha akaiongeza na hiyo.