Droo ya kahawa

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu hapa Moshi. Juzi kaniuliza, "Babu, kabla ya kompyuta mlikuwa mnatafutaje kitabu maktaba? Mnapita rafu zote?" Nilicheka, halafu nikaona swali lake si la kuchekwa.

Kazi ilianzia kwenye kabati la droo ndogondogo. Ndani mlijaa kadi za karatasi ngumu, sentimita 7.5 kwa 12.5, kila moja ina tundu chini. Ufito wa chuma ulipita katika matundu hayo yote, ili msomaji asiondoke na kadi mfukoni na droo ikianguka kadi zisimwagike. Katika maktaba niliyoanzia kazi, droo moja ilikuwa haina ufito. Siku ilipodondoka tulikaa sakafuni hadi jioni tukipanga A, B, Ch.

Kitabu kimoja kilikuwa na kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na moja au zaidi za mada. Zote zilibeba namba ileile juu kushoto, nayo ndiyo iliyokuonyesha rafu. Namba zenyewe ni za mpango wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaogawa maarifa katika mafungu 10.

Sasa tuchukue kahawa, maana tuko Kilimanjaro. Kitabu cha kuilima kinakaa 633.73, pamoja na mazao ya shamba. Cha kuiuza kinakaa 338.17373, huko kwa wachumi. Anayepita rafuni tu atabeba kimoja na kwenda zake akidhani amemaliza. Kwenye droo ya mada kadi zao zilifuatana. Kitabu hakiwezi kukaa rafu mbili, lakini kadi zake ziliweza kukaa kila mahali ambapo mtu angekitafuta. Mimi hapo ndipo nilipoipenda kazi hii.

Shida ilikuwa maneno. Mada ziliandikwa kwa Kiingereza hata kwa vitabu vya Kiswahili, kwa hiyo mkulima aliyefuata herufi K ya kahawa alitoka mikono mitupu. Dawa yake ilikuwa kadi ya "tazama": isiyo na kitabu chochote, inayokuelekeza tu droo nyingine. Tuliandika chache mno, nakiri.

Majina nayo! Kanuni zilitoka Ulaya na Marekani, zikataka jina la mwisho litangulie. Massawe anatafutwa kwa Massawe, hapo sawa. Lakini Hamisi Juma wa Tanga, Juma ni jina la baba yake. Ukimweka kwenye J, wasomaji wake wote wataenda H. Hapo nilitengeneza kadi ya "tazama" bila kumwuliza mtu.

Kupanga kadi hakukuachiwa mgeni. Mkutubi mchanga alizisimamisha kadi mpya juu ya ufito, chuma hakijapita katika matundu yake, zikichomoza kama masikio. Mkubwa wake alipita akakagua mpangilio, ndipo akachomoa ufito na kuzishusha. Nilirudishiwa kadi nyingi kwa sababu nilipanga kwa "The", neno ambalo mwanzoni mwa jina la kitabu huwa halihesabiwi.

Jambo ambalo wasomaji hawakulijua ni mistari midogo ya chini kwenye kadi kuu, ambayo kwa kawaida ilikuwa ile ya mwandishi. Iliorodhesha kadi nyingine zote za kitabu hicho. Kitabu kikipotea, ulisoma mistari ile ukazifuata moja moja na kuzitoa. Ukisahau moja, inabaki kadi yatima: mtu anaiona, ananakili namba, anakwenda rafuni, anakuta nafasi.

Mjukuu alitaka kuiona kadi yenyewe. Nilimpa moja iliyokuwa imealamisha ukurasa kwenye daftari langu. Nyuma yake bibi yake alikuwa ameandika: sukari kilo mbili, mafuta ya taa, chumvi.