Mabibo Yanayoozea Mikoroshoni

Kila mwaka, kuanzia Oktoba, ninapozuru vijiji vya Newala na Tandahimba mkoani Mtwara, harufu ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yaliyochacha hunipokea kabla ya wenyeji wangu, na kila mwaka huniuma vilevile. Mimi ni mtaalamu wa usindikaji wa vyakula, na sijaona huku kusini upotevu wa chakula unaoufikia huu. Bibo moja huwa na uzito wa takriban mara 5 hadi 10 ya korosho inayoning'inia chini yake, kwa hiyo mkulima aliyepeleka ghalani tani 1 ya korosho ghafi ameacha shambani tani 5 hadi 10 za tunda ambalo vitamini C yake huizidi ya chungwa mara kadhaa.

Wapo wanaosema kwamba wakulima hawajui thamani ya bibo, nami sikubaliani nao hata kidogo. Watoto hulila, kina mama hulianika, wengine hulikamua kwa ajili ya uraka, pombe ya mabibo. Kinachowashinda ni muda, kwa sababu bibo lililoiva huanza kuharibika ndani ya siku moja au mbili katika joto letu, ilhali korosho iliyokaushwa vizuri husubiri mnada bila wasiwasi. Aidha, mizani ya chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima unaokusanya korosho zao, hupima korosho peke yake. Familia yenye mikono michache lazima iokoe kwanza kile chenye mnunuzi.

Tatizo lenyewe huanzia juu ya mti. Tumezoea kusubiri korosho idondoke, na kwa korosho utaratibu huo ni mzuri, lakini bibo linapogonga ardhi hupasuka na kuingia mchanga. Kwa kuwa korosho hukomaa kabla bibo halijamaliza kutanuka, tunda lililoiva rangi sawasawa linaweza kuchumwa kwa mkono bila kuidhuru korosho. Mikorosho mirefu ya wazee hairuhusu jambo hilo kwa urahisi. Miche ya kubebesha, yaani iliyounganishwa kikonyo cha mti bora, inayopogolewa ikabaki mifupi huruhusu, na hiyo kwangu ni sababu nyingine ya kuipanda.

Kisha yapo maji, ambayo mipango mingi niliyowahi kusoma huyapita kimya. Bibo lazima lioshwe vizuri, hasa kwa kuwa mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Lakini Uwanda wa Makonde, viliko vijiji hivi, hutegemea maji yanayopandishwa kutoka mabondeni na ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye matangi, na mabibo huanza kuiva mwishoni mwa kiangazi, wakati matangi mengi yamekauka. Mradi wa juisi usioanza na tangi la maji utakwama katika msimu wake wa kwanza.

Ukakasi, ambao wengi hudhani ndio kikwazo kikubwa, una dawa iliyo jikoni. Husababishwa na tanini, ambazo hushikamana na protini za mate na kuufanya ulimi uhisi kukauka. Ukichanganya juisi na uji mwepesi wa wanga wa muhogo uliopoa, kisha ukaiacha itulie, sehemu kubwa ya tanini hushikamana na wanga na kuzama chini, nawe huchuja, hupasha moto na kuifunga ingali moto katika chupa safi. Sufuria na visu visiwe vya chuma kinachoshika kutu, maana tanini zikikutana nacho juisi hugeuka nyeusi. Machicha yanayobaki yakianikwa upesi huwa chakula cha mbuzi na ng'ombe.

Nchini Brazili, ulikotoka mkorosho, juisi ya mabibo ni kinywaji cha kawaida. Hata hivyo, singeshauri tungoje kiwanda kikubwa mjini Mtwara, kwa kuwa mabibo ya Tandahimba yatakuwa yameshachacha kabla ya kufikishwa huko. Ninachoviomba vyama vya msingi kabla ya msimu ujao ni kutenga, kando ya ghala la kijiji, banda moja lenye tangi, kikamulio na jiko, na kuyapokea mabibo yaliyochumwa asubuhi ileile, yakipimwa na kulipiwa kwa kilo kama korosho.