Mazuti Hayagandi Lubumbashi: Maji na Moto Ndivyo vya Kuogopa Wakati wa Baridi

Kila mwaka Juni ikiingia, wanaoleta magari na mitambo kwenye karakana ya taasisi yetu hapa Lubumbashi huwa na maelezo yale yale: "Fundi, mazuti yameganda," yaani dizeli. Dereva wa lori amezungusha ufunguo tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka betri ikanyamaza. Mwenye grupu, yaani jenereta, amevuta kamba hadi bega likamuuma. Wote wanailaumu baridi ya usiku. Lawama hiyo ingekuwa jambo dogo kama isingewafanya watu wachukue mbabula (jiko la makaa) yenye makala mekundu na kuisukuma chini ya tangi la mafuta. Hilo ndilo linalotufanya tuandike mapema, kabla baridi haijashika.

Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai anga huwa tupu bila mawingu, kwa hiyo joto la mchana hupotea upesi jua likishatua. Mchana unaweza kupata 26°C, na alfajiri ya siku ya pili ukakuta 7 au 8, pengine chini ya hapo kidogo. Kwa mtu anayepanda pikipiki kutoka Ruashi kwenda mjini saa kumi na mbili asubuhi, hiyo ni baridi ya kweli. Kwa mazuti ya kawaida, bado.

Ndani ya mazuti mna nta ya asili. Kila mama wa hapa ameona chupa ya mawese ikiwa ngumu jikoni asubuhi ya Julai, na nta ya mazuti hufuata kanuni hiyo hiyo, ila yenyewe hungoja baridi kali zaidi. Mazuti mengi huanza kuwa na ukungu wa nta yanapokaribia sifuri au kushuka chini yake, na lazima yapoe zaidi ndipo nta hiyo izibe chujio. Baridi ya namna hiyo haikai Kamalondo wala Katuba, mitaa ya mji wetu.

Inakaa kusini. Madereva wetu wanaovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa na kushuka hadi Johannesburg na Durban wanajua nyanda za juu za Afrika Kusini, upande wa Harrismith kwa mfano, ambako usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya sifuri na majani huamka meupe kwa jalidi. Lori lililojazwa mazuti ya nchi ya joto, likalala huko na tangi limejaa, linaweza kweli kuamka chujio limezibwa na nta. Kwa ninyi wa safari hizo ushauri ni huu: panga mafuta ya nyumbani yapungue unapokaribia kanda ya baridi, kisha ujaze ya huko, kwa sababu huuzwa yakiwa yameandaliwa kwa majira yao. Dawa ya kuzuia nta hutiwa mazuti yakiwa bado na joto. Nta ikishajitokeza, dawa hiyo ya kuzuia haiyeyushi kitu. Ukikwama, weka chujio jipya, au funika la zamani kwa kitambaa na ulimwagie maji ya moto kwa nje, usubiri. Jua likipanda, nta hurudi kuyeyuka yenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Ikiwa mazuti hayagandi hapa, kwa nini injini inakataa?

Injini ya mazuti haina cheche. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na chuma kilicholala kwenye 7°C hulinyonya joto hilo kabla halijatosha. Ndiyo maana zipo buji za kupasha moto. Moja au mbili zikiwa zimekufa, hutagundua Machi, utagundua Julai. Betri nayo hupoteza nguvu ikipoa, wakati oili ya injini inakuwa nzito na kuidai nguvu zaidi. Wengi hapa bado wanatia oili nzito ya namba moja, ile ya 40 peke yake, kwa kuwa ni nafuu na wanaiona kali. Asubuhi ya baridi oili hiyo ni mzigo. Ya 15W-40 hutembea vizuri injini ikiwa baridi na bado hulinda chuma ikipata moto, na kwa injini nyingi za hapa inafaa mwaka mzima. Thibitisha tu kwenye kitabu cha mtambo wako. Kwa hiyo kabla ya kuyashitaki mafuta, pima betri, safisha vichwa vyake, mwambie fundi akague buji za moto. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Isipoishia hapo, tafuta maji. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hasara kubwa ilipo.

Maji huingia kwenye mafuta zaidi wakati wa mvua, kuanzia Novemba, lakini taabu yake huonekana baadaye. Angalia pipa la lita 200 lililosimamishwa uani bila paa. Mvua inanyesha, maji yanatuama juu ya mfuniko kwa sababu ukingo wa pipa umeinuka. Usiku pipa linapoa, mafuta na hewa ya ndani vinasinyaa, na kizibo ambacho hakikukazwa vizuri kinanyonya yale maji yaliyotuama. Mchana pipa linapata joto na kupumua nje. Usiku linavuta tena. Miezi mitano ya namna hiyo inatosha kuweka chini ya pipa maji ambayo mwenyewe hana habari nayo. Tangi la gari lisilojazwa nalo hupumua hivyo hivyo: hewa yenye unyevu huingia, na umande hujishika kwenye kuta zake za ndani. Kisha kiangazi kinaleta vumbi letu jekundu, ambalo huingia kila bidoni (dumu la mafuta) inapofunguliwa kwenye upepo.

Maji ni mazito kuliko mazuti na esansi (petroli), hivyo hulala chini. Pale maji na mazuti yanapokutana huota vijidudu, na vijidudu hivyo huacha ute wa rangi ya kahawia au nyeusi. Ukifungua chujio ukakuta ute unaoteleza vidoleni, si nta ya baridi hiyo. Ni pipa chafu. Ukibadilisha chujio peke yake bila kusafisha pipa na tangi, utarudi dukani kununua lingine muda si mrefu.

Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Pata chupa ya kioo isiyo na rangi, safi na kavu kabisa. Chota mafuta kutoka chini kabisa ya pipa, si juu. Hata bomba dogo jembamba linatosha, ukiziba tundu la juu kwa kidole, ukalishusha hadi chini, ukaachia kidole kisha ukaziba tena na kulitoa. Jaza chupa nusu, iweke mahali pa wima na kivuli, mbali na moto, ukangoje nusu saa. Maji yakiwepo utaona mstari uliokatika wazi karibu na kitako cha chupa, juu mazuti, chini maji, na mara nyingi vumbi jekundu limelala chini ya vyote. Mazuti mazuri yanapenyeka kwa macho: weka gazeti nyuma ya chupa usome herufi. Yakiwa na ukungu wakati nje kuna 20°C, usiyatie kwenye injini.

Malori mengi na grupu kubwa zina chombo cha kutenga maji chini ya chujio, chenye kizibo kidogo cha kufungulia. Kifungue asubuhi kabla ya kuwasha, wakati maji yametulia usiku kucha. Shika kikombe chini, achia mpaka yatoke mazuti matupu, funga. Dakika mbili. Tunaona pampu za sindano, zile zinazosukuma mafuta kwenye silinda, zimeliwa na kutu kwa kukosa dakika hizo mbili, na pampu ya injini za kisasa ni ghali kuliko mapipa kadhaa ya mafuta.

Na pipa je? Liweke chini ya paa, juu ya mbao. Ukilazimika kuliacha nje, lilaze ubavu, vizibo viwili viwe kwenye mstari mmoja wa mlalo na mafuta yavifunike kwa ndani, ili lisivute hewa wala maji. Ukisafirisha mafuta mapya, yaache yatulie usiku mmoja kabla ya kuchota, na bomba la kuchotea lisiguse chini.

Kwa upande wa esansi, shida ya baridi ni tofauti. Esansi huwaka ikiwa mvuke, na kwenye baridi mvuke ni mchache, ndiyo sababu ya choki, kifuniko kinachopunguza hewa ili mafuta yazidi. Mtu huvuta kamba mara tatu au nne choki ikiwa imefungwa. Injini ikidaka, anaifungua pole pole. Anayeng'ang'ania choki imefungwa analowesha buji ya cheche kwa mafuta, na hapa juu penye hewa nyepesi buji hulowa upesi zaidi. Lakini kama grupu iliwaka vizuri Aprili na sasa inakataa kila asubuhi hadi jua lipande, mshuku muuzaji. Esansi iliyochanganywa na mafuta ya taa bado inaweza kuendesha injini iliyopata moto, ila injini baridi haiwezi kuyageuza mafuta ya taa kuwa mvuke. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Esansi safi hukauka upesi na karibu isiache kitu, iliyochanganywa huacha doa la mafuta. Sisemi kila kadafi, muuzaji wa mafuta wa kando ya barabara, anachanganya, wengi wanalisha familia kwa haki. Nasema karatasi haina upendeleo.

Esansi pia huzeeka. Ikikaa miezi mitatu hadi sita hupoteza sehemu zake nyepesi, zile zile zinazowasha injini ya baridi, na huacha gundi kwenye vitundu vidogo vya kabureta. Umeme ukitulia na grupu ikapumzika, funga koki ya mafuta na uiache injini ijizime yenyewe kwa kumaliza kilichomo.

Usitie esansi kwenye mazuti ili "yawe mepesi". Wazee walifanya hivyo kwa injini za zamani, na nyingine zilivumilia. Pampu za sasa zinategemea mazuti yenyewe kuzilainisha, na esansi huondoa ulaini huo. Tena mazuti yanahitaji kupata moto wa zaidi ya 50°C ndipo yatoe mvuke wa kuwaka, lakini esansi hutoa mvuke huo hata kwenye −40°C. Ukichanganya, tangi zima limekuwa na tabia ya esansi. Ndiyo maana pia baridi ya alfajiri haipunguzi hatari ya sigara au kiberiti karibu na bidoni.

Kuhusu mbabula chini ya tangi: hakuna namna salama ya kufanya jambo hilo, hata "kidogo tu", hata kwa mazuti. Bomba linalovuja tone moja linatosha, na anayeungua mara nyingi ni kijana msaidizi aliyetumwa alale chini ya gari.

Bidoni ya lita 20 usiijaze hadi mdomoni. Esansi iliyonunuliwa kwenye 8°C na kuachwa juani hadi 28°C huongezeka karibu nusu lita, na nusu lita hiyo itatafuta njia ya kutoka. Wala isilale chumbani. Wakati wa baridi familia hufunga madirisha, huingiza mbabula ndani, na wengine huingiza hata grupu kwa kuogopa wezi. Grupu na makala vyote hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni mara zaidi ya 200. Mtu huumwa kichwa, huona usingizi, na usingizi huo unaweza kuwa wa mwisho. Grupu ikae nje, angalau mita 6 kutoka mlango na madirisha, moshi ukielekea upande usio na nyumba. Ukiogopa wezi, ifunge kwa mnyororo kwenye nguzo ya zege. Nyumbani mkianza kuumwa kichwa wengi kwa pamoja, tokeni wote nje kwanza, kisha ndipo mwende kituo cha afya.

Na yule anayevuta esansi kwa mdomo ili iteremke kwenye mpira: akimeza, asitapishwe, kwa sababu yakipanda mafuta huingia mapafuni na kuyaunguza. Mpelekeni hospitali na chupa ya mafuta hayo mkononi. Mtoto aliyekunywa kutoka chupa ya maji iliyowekwa esansi ahudumiwe hivyo hivyo, bila kungoja aanze kukohoa.