Urefu wa laini unalipwa mara ngapi?

Kila ninapoletewa ramani ya mtandao na kuulizwa nitumie Dijkstra (njia ya kompyuta ya kutafuta safari fupi kutoka mahali pamoja) au Kruskal (njia ya kuunganisha vituo vyote kwa jumla ndogo ya urefu), mimi huanza na swali jingine: urefu huu unalipwa mara moja wakati wa ujenzi, au unalipwa kila safari?

Chukua transfoma na vijiji viwili, A na B. Kutoka transfoma hadi A ni kilomita 4, hadi B ni 5, na kati ya A na B ni 2. Ukinunua nyaya na nguzo, unalipa mara moja. Basi pitisha laini A, iendelee B: jumla kilomita 6. Huo ndio mti, yaani mtandao unaofika kila mahali bila mzunguko, wenye jumla ndogo kuliko yote, na mwanahisabati wa Kicheki Otakar Borůvka alilitatua tatizo hilo mwaka 1926 kwa ajili ya mtandao wa umeme wa eneo la Moravia, kabla ya kompyuta. Kruskal alifuata 1956, Prim 1957, kila mmoja na njia yake ya kutatua tatizo hilo hilo.

Sasa ziwe barabara, na gari la dawa linakwenda B kila siku. Kupitia A ni 6, moja kwa moja ni 5. Kila kijiji kinataka njia yake fupi, na barabara zinazohitajika zinafika kilomita 9. Ramani ni ile ile, majibu ni mawili, na yote ni sahihi.

Dijkstra aliyaweka matatizo haya mawili katika makala moja fupi ya 1959. Ukiandika programu utaona yanavyofanana: kila hatua unachukua nodi (kituo kwenye ramani) iliyo karibu zaidi na kuiongeza. Tofauti ni mstari mmoja tu. Prim hupima kiungo chenyewe, yaani laini kati ya nodi mbili. Dijkstra hukijumlisha na safari yote tangu mwanzo. Ukikosea hapo programu hailalamiki, inakupa jibu safi la swali ambalo hukuuliza. Ndiyo maana nikikagua programu ya mtu, mstari huo nausoma kwanza.

Gharama zikiwa hasi, kwa mfano ruzuku, mwache Dijkstra, tumia Bellman-Ford, njia nyingine ya kutafuta safari fupi inayokubali gharama hasi.

Na swali likiwa ni kiasi gani cha maji au data kinaweza kupita, urefu hauhusiki tena. Hapo ni njia ya Ford na Fulkerson, ya kutafuta kiwango cha juu kinachoweza kupita. Napenda sana njia yao, kwa sababu pamoja na kiwango cha juu inakuonyesha viungo vinavyobana. Usipopanua hata kimoja kati ya hivyo, kupanua bomba jingine lolote lililopo hakutaongeza hata lita moja.