Goti Bandia na Ushauri wa Wanaokuja Kujulia Hali

Mama aliporudi nyumbani baada ya kubadilishiwa goti, wageni walimletea uji, machungwa na ushauri. Uji na machungwa vilimfaa.

Dhana: "Mwacheni alale, msimsumbue."

Goti bandia si mfupa uliovunjika unaosubiri kuunga. Daktari hupunguza sehemu zilizolika mwishoni mwa mfupa wa paja na mwanzoni mwa mfupa wa muundi, akazivisha chuma na kuweka plastiki ngumu katikati. Kwa kawaida linabeba uzito tangu mwanzo, ndiyo maana wagonjwa wengi husimamishwa siku ileile au kesho yake, wakishikilia kifaa cha kutembelea. Hatari iko kwenye kulala tu: damu huweza kuganda kwenye kigimbi, na bonge likipanda mapafuni linaua. Zile dawa za kuzuia damu kuganda zinywewe mpaka ziishe, na vifundo vya miguu vichezeshwe juu na chini mara nyingi kwa siku, hata kitandani.

Dhana: "Mwekee mto chini ya goti apumzike."

Hapa ndipo tulipogombana na shangazi. Kila tukienda jikoni, tukirudi tunakuta mto umerudishwa chini ya goti, na mama anatushukuru wote kwa macho. Ni kweli anapata nafuu, kwa sababu goti lililovimba hupenda kukaa limekunjika kidogo. Lakini likizoea hivyo, nyama za nyuma ya goti hukaza, na kulinyoosha baadaye ni kazi kubwa. Asiyeweza kulinyoosha hubaki akichechemea. Mto unawekwa chini ya kifundo, goti lenyewe likiwa hewani, lishuke taratibu kwa uzito wake. Inauma, sikufichi.

Kukunja nako kuna hesabu yake. Kukaa kitini vizuri kunataka nyuzi 90 hivi. Kuinuka kwenye kigoda kunataka zaidi. Tulichojifunza ni kumpa dawa ya maumivu aliyoandikiwa nusu saa hivi kabla ya mazoezi, badala ya kungoja alie. Wiki za mwanzo hazirudi: makovu ya ndani yakishakomaa goti likiwa gumu, huenda daktari akalazimika kumlaza kwa dawa ya usingizi na kulikunja kwa nguvu.

Dhana: "Mwezi umepita bado limevimba, basi operesheni imeharibika."

Uvimbe na joto huchukua miezi 3 hadi 6, na kwa wengine hukaribia mwaka. Ganzi upande wa nje wa kovu ni kawaida, maana mishipa midogo ya fahamu ya ngozi hukatwa. Huenda isiishe kabisa. Mlio wa "ta, ta" ni chuma kugusana na plastiki.

Yasiyo ya kawaida ni haya: usaha au majimaji kwenye mshono, homa, wekundu unaosambaa, kigimbi kuuma na kuvimba ghafla, kifua kubana au pumzi kukata. Hapo usingoje siku ya kliniki, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Dhana: "Mchue kwa mafuta ya moto."

Kidonda kibichi hakipakwi kitu asichosema daktari. Wiki za mwanzo ni barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 15 hadi 20, kisha inaondolewa.

Dhana: "Hatapiga magoti tena maisha yake."

Swali hili mama aliliuliza kabla ya lile la maumivu, kwa ajili ya sujudu. Kupiga magoti hakuvunji goti bandia. Wengi huona tabu kwa sababu ya ganzi na uchungu wa kovu, lakini baada ya miezi kadhaa, daktari akiridhia, wapo wanaorudia juu ya mkeka uliokunjwa mara mbili tatu. Kabla ya hapo, mgonjwa anaswali akiwa kitini, na dini imemruhusu. Choo cha kuchuchumaa ni jambo jingine: kinataka goti likunjike kuliko wengi wanavyofikia. Sisi tulitoboa kiti cha plastiki.

Dhana: "Baada ya miaka 10 litang'olewa."

Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Australia na Finland, uliotoka mwaka 2019, ulionyesha magoti 82 hivi kati ya 100 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Kutembea na kuogelea hakuna shida. Kukimbia na kuruka ndiko kunakoila plastiki haraka, na mama hakuwa na mpango huo.