Tozo ya maegesho kazini: anayedaiwa ni nani?

Nottingham, jiji la England, ikitajwa tu kwenye mazungumzo ya foleni za magari, hakosi mtu wa kusema kwamba huko wafanyakazi wanatozwa kodi kwa kupaki kazini. Mwingine ataongeza kwamba si jambo geni, hata Nairobi lipo. Wa tatu ataiingiza London. Hapo mambo matatu yasiyofanana yameshatiwa kwenye kapu moja, na msikilizaji anaondoka akidhani kuna mgambo wa jiji anayesimama getini kwa bosi akikusanya pauni kutoka kila gari linaloingia.

Tozo ya maegesho kazini ni malipo ya mwaka ambayo halmashauri humdai mwajiri kwa kila nafasi ya kuegesha gari anayowapa wafanyakazi wake. Maana yake inaishia hapo. Matatizo huanza watu wanaporuka neno "mwajiri".

Kwa England na Wales, mamlaka ya kutoza yanatokana na Sheria ya Usafiri ya mwaka 2000. Nottingham ndio mji wa kwanza huko kuyatumia: leseni zilianza Oktoba 2011, na malipo yakaanza Aprili 2012 kwa pauni 288 kwa nafasi kwa mwaka. Kiwango kimekuwa kikipanda na sasa kimepita pauni 500. Kila mwajiri mwenye maegesho ya wafanyakazi ndani ya mipaka ya jiji hutakiwa kuwa na leseni, hata kama nafasi zake ni tatu tu. Ila mwenye nafasi 10 au pungufu halipi kitu. Kuanzia ya 11 ndipo anapodaiwa, na akifika hapo hudaiwa kwa zote, si kwa ile ya 11 peke yake. Nafasi za walemavu hazihesabiwi, wala za wateja. Huduma za dharura na zile za hospitali za umma zinazohudumia wagonjwa moja kwa moja zimepewa nafuu.

Tena kinachohesabiwa si mistari iliyochorwa chini. Mwajiri hukatia leseni idadi ya juu kabisa ya magari ya wafanyakazi atakayoyaruhusu kuwepo kwa wakati mmoja. Uwanja wenye mistari 80 ambao mwajiri ameruhusu uingie magari 40 tu ya wafanyakazi, leseni yake ni ya 40. Kwa hiyo mwajiri anaweza kupunguza deni lake bila kung'oa hata tofali: anafunga sehemu ya uwanja, au anaigeuza kuwa ya wateja kwelikweli, au anawashawishi watu wake wapande basi. Hapo ndipo nguvu ya mpango huu ilipo, na hapo ndipo wanaouita "kodi ya magari" wanapopotea njia. Gari halidaiwi chochote, na mwenye gari hajulikani kabisa kwenye vitabu vya halmashauri. Yupo mwajiri na nafasi zake, basi.

Je, mfanyakazi halipi? Wapo wanaolipa, tena wengi. Lakini huo ni uamuzi wa pili, na anayeufanya ni mwajiri. Baadhi ya waajiri wa Nottingham wanaibeba tozo yote wenyewe. Wengine humkata mfanyakazi sehemu yake kwenye mshahara, na wapo wanaokata kwa kuangalia kipato, mwenye mshahara mdogo akilipa kidogo. Kuna na kichekesho cha kihasibu: tozo yenyewe haina VAT, lakini mwajiri akishaihamishia kwa mfanyakazi, inahesabika kuwa anamuuzia huduma ya maegesho, na VAT inaingia. Mfanyakazi anaweza hivyo kulipa zaidi ya kile bosi wake alichodaiwa na jiji. Akilalamika, ana haki. Ila malalamiko hayo yana mlango wake, nao ni ofisi ya rasilimali watu, kabla ya kuandamana kwenda kwa diwani.

Sasa hiyo Nairobi. Malipo ya kuegesha katikati ya jiji la Nairobi, kama ulivyo ushuru wa maegesho wa Dar es Salaam, ni ada ya kutumia sehemu ya umma. Umeacha gari kando ya barabara, umechukua nafasi ya wote, unalipa. Anayedaiwa ni mwenye gari, na hakuna anayemuuliza kama amekuja kazini, sokoni au kumsindikiza shangazi benki. Mwenzake anayeshusha gari kwenye besmenti ya ofisi ada hiyo haimgusi. Tozo ya Nottingham ni kinyume chake: inaanzia ndani ya geti, kwenye ardhi binafsi ya mwajiri, na gari lililoachwa barabarani halimo.

London nayo ina tozo ya msongamano, iliyoanza Februari 2003. Ile hulipiwa kwa kuendesha gari ndani ya eneo la katikati ya jiji katika saa zilizowekwa. Unaweza kuzunguka mchana kutwa bila kupaki hata dakika moja, na bado ukadaiwa. Kuichanganya na maegesho ya kazini ni kuchanganya nauli na kodi ya nyumba.

Kuna na swali la pesa zinakokwenda. Sheria hairuhusu mapato ya tozo hii kuingia kwenye mfuko mkuu wa halmashauri. Ni lazima yatumike kwenye usafiri. Nottingham iliyaelekeza kwenye upanuzi wa tramu (treni nyepesi za mjini), njia mbili mpya zilizofunguliwa Agosti 2015, pamoja na ukarabati wa stesheni ya treni na huduma za mabasi. Novemba 2023 halmashauri hiyo ilitangaza kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake, na bado pesa za maegesho zisingeweza kuchotwa kuziba pengo. Mimi naona kifungu hicho ndicho kinachoifanya tozo ivumilike. Bila tramu ya kupanda, kumwambia mtu aache gari nyumbani ni kumdhihaki.

Uskochi ilijipa mamlaka kama hayo kwa sheria ya mwaka 2019, na wapinzani wakaipachika jina la kodi ya kupaki hata kabla halmashauri yoyote haijaitumia. Jina lilishika kuliko sheria yenyewe. Leicester, jiji jingine la England, ilipanga kuifuata Nottingham, kisha mwaka 2022 ikaachana na wazo hilo.

Na wanaosema eti maegesho ya kazini ni bure, ni vizuri wakaitazama California. Huko sheria ya mwaka 1992 inawataka baadhi ya waajiri wanaowakodia wafanyakazi maegesho wampe mfanyakazi chaguo la kuiacha nafasi na kuchukua thamani yake taslimu. Profesa Donald Shoup alizichunguza kampuni nane zilizofanya hivyo na kukuta wanaoendesha peke yao kwenda kazini wamepungua kwa asilimia 17. Nafasi ilikuwa na bei siku zote. Aliyekuja kwa miguu ndiye aliyekuwa akinyimwa sehemu yake ya marupurupu.

Kwa hiyo, bila ugomvi: Nottingham wanaotozwa na jiji ni waajiri wenye nafasi 11 na kuendelea. Ukiambiwa kwamba mfanyakazi fulani wa huko analipa kwa kupaki kazini, inawezekana kabisa ni kweli, ila bili yake imetoka kwa bosi wake.