Uchovu sugu ukipungua baada ya azithromaisini, tuseme ilikuwa bakteria?

Wagonjwa wengi wanaofika kliniki yetu hapa Mbarara wakilalamikia uchovu usiokwisha huwa wameshapitia duka la dawa. Wengine husema, “Daktari, nilipomeza ile antibiotiki, azithromaisini, nilipata nguvu. Basi nina bakteria.” Kuhusu nguvu nawaamini. Hiyo “basi” ndiyo nisiyoikubali.

Antibiotiki hufanya mengi mwilini mbali na kuua bakteria. Erithromaisini, ndugu ya azithromaisini, huamsha misuli ya tumbo lililolegea. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha antibiotiki nyingine, doksisaiklini, ya miligramu 20, mara mbili kwa siku, kwa ugonjwa wa fizi. Kiasi hicho hakiui bakteria, bali huzuia vimeng'enya vinavyokula nyama ya fizi. Azithromaisini yenyewe hutuliza kinga ya mwili iliyochachamaa mapafuni.

Je, utulivu huo unaweza kupunguza uchovu sugu? Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi walichapisha taarifa za wagonjwa 99 waliopewa azithromaisini. 58 walisema wamepata nafuu. Inavutia, lakini hapakuwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa, na ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Huko huko Uholanzi, kwa watu waliobaki na uchovu baada ya homa ya Q (ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo), doksisaiklini ililinganishwa na vidonge hivyo. Matokeo ya 2017: haikuvishinda.

Tena kuna hatari ya kinyume. Mitokondria, zinazozalisha nishati ndani ya seli, zilitokana na bakteria wa kale, na tetrasaiklini, yaani kundi la doksisaiklini, zinaweza kuzuia utengenezaji wa protini humo. Kumpa dawa hiyo kwa kubahatisha mtu ambaye tayari hana nguvu kunanitia wasiwasi.

Kwetu wafugaji, jambo linalonikosesha raha zaidi ni bruselosisi, ugonjwa wa bakteria unaopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa. Huleta uchovu, jasho na maumivu ya viungo. Hutibiwa kwa wiki sita, mara nyingi doksisaiklini pamoja na rifampisini. Ukimeza dawa ya siku tano unaweza kupata ahueni, kisha ugonjwa ukarudi. Siprofloksasini, antibiotiki nyingine, nayo huweza kuipoza TB kwa muda na kuchelewesha kugunduliwa kwake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, njooni kabla ya kumeza chochote, tupime damu na makohozi kwanza. Kama mmeshameza, leteni pakiti zake, hata zilizo tupu.